Maji Hayamalizi Joto, Yanalihamisha

Naomba nianze kwa kukiri kosa, maana wenzangu wawili wanalisoma jarida hili na wananijua. Chini ya kitanda changu, pale geto Kigamboni, kuna boksi. Ndani yake kuna pampu ndogo, rejeta ya feni mbili, mipira ya plastiki inayoonyesha na chupa ya kulanti ya bluu. Vitu hivyo nilivinunua Kariakoo kwa shilingi 420,000. Pesa haikuwa yangu peke yangu. Na mpaka leo havijapoza kitu chochote.

Tulikuwa watatu. Kila mmoja alitoa 800,000 aliyoikusanya kwenye bumu, tuisheni na vibarua vya likizo. Jumla 2,400,000. Mpango wetu ulikuwa kuunda kompyuta moja ya nguvu: mchana vijana walipie kwa saa kucheza magemu, usiku sisi tuhariri video za harusi na send-off. Chumba tulishaahidiwa, stoo ya nyuma ya duka la mjomba wa mmoja wetu, futi kumi kwa kumi, dirisha moja. Mimi nikapewa kazi ya kupanga namna ya kuipoza mashine, kwa kuwa nasomea ualimu wa Fizikia na Hisabati. "Wewe ndiye mtaalamu wa joto," wakasema. Kichwa kikavimba.

Ninachotaka kusema leo ni hiki. Mfumo wa maji wa kupoza kompyuta unapangwa kuanzia chumbani, sio dukani. Na ukiupanga hivyo kwa uaminifu, hapa Dar, kwa mifuko yetu hii ya wanachuo, mara nyingi utagundua huuhitaji. Najua kuna watakaonuna. Twende taratibu.

Mimi nilianzia dukani. Niliona video, nikaona mashine zinazowaka taa ndani ya maji kama aquarium, nikasema hii ndiyo yenyewe. Nikanunua. Kisha nikabeba boksi hadi kwa fundi ambaye angetuundia kompyuta, mzee mmoja mwenye chumba cha ghorofani hapo hapo Kariakoo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwalimu. Umeleta nini?"

Nikamfungulia. Akaishika rejeta, akaigeuza.

"Sawa. Maji yatapoza prosesa. Na maji yenyewe yatapozwa na nini?"

"Na rejeta."

"Na rejeta je?"

"Na feni."

"Na feni itavuta hewa ya wapi?"

"Ya chumbani."

"Chumba kikoje?"

Nikanyamaza. Wiki sita kabla ya hapo nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, Kidato cha Tatu, mada ya joto. Niliandika ubaoni ile namba maarufu, 4,200, wanafunzi wakanakili, tukafanya maswali matano, kengele ikalia. Hakuna aliyeuliza joto likishaingia kwenye maji linakwenda wapi baadaye. Na mimi sikuuliza. Swali hilo nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bisibisi mkononi.

Jioni ile nilirudi na boksi langu hadi Magogoni kupanda kivuko. Foleni ndefu, jua linazama, harufu ya Feri unaijua. Nikawa natazama vyombo mlangoni mwa bandari na kuwaza. Injini nyingi za meli zinapozwa kwa maji. Maji safi yanazunguka ndani ya injini, yanabeba joto, kisha yanakwenda kulikabidhi kwa maji ya bahari kupitia kuta za chuma. Meli ina bahari nzima ya kutupia joto lake. Daladala nayo ina rejeta, lakini ina upepo wa barabarani, na ukikosekana upepo kwenye foleni ya Msimbazi, umeshamwona konda akikimbia na dumu kwa sababu gari limechemsha. Kompyuta yangu ingekuwa na nini? Stoo ya futi kumi kwa kumi.

Basi nikatoa daftari na kufanya hesabu nilizotakiwa kufanya kabla sijatoa hata senti. Nakuwekea hapa, maana ni za Kidato cha Tatu tu.

Kwanza, tuwe wakweli kuhusu sifa za maji. Kilo moja ya maji inahitaji jouli 4,200 ili ipande nyuzi moja. Kilo ya hewa inahitaji kama 1,000 tu. Tena kilo ya maji ni lita moja, wakati kilo ya hewa inajaza karibu pipa nne za lita 200. Ndiyo maana mpira mwembamba wa maji unaweza kubeba joto ambalo lingehitaji upepo mwingi sana. Pampu ikisukuma lita moja kwa dakika, na mashine inatoa joto la wati 250, maji yanayotoka yatakuwa na joto zaidi ya yanayoingia kwa nyuzi 3.6 tu. Hapo maji yanashinda, hakuna ubishi.

Ila kubeba ni jambo moja na kutua mzigo ni lingine. Chukua lita hiyo hiyo ya maji yenye nyuzi 30, ipe wati 250, kisha ondoa rejeta. Kama joto halipotei kokote, ndani ya dakika 20 una maji ya chai. Kumbe kazi ya kupoza hayaifanyi maji. Inafanywa na rejeta, na rejeta inaikabidhi hewa ya chumba. Na hewa ya chumba ikiwa nyuzi 32, maji hayo hayawezi kamwe kushuka chini ya 32, hata ununue pampu ya kampuni gani. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana wa Dar unafika nyuzi hizo bila shida, na hapo nazungumzia kivulini nje, sio ndani ya stoo.

Pili, tulikuwa tunapoza nini hasa? Hapa ndipo niliona aibu. Kwa bajeti yetu tulichagua prosesa ya AMD Ryzen 5 5600 na kadi ya picha ya RTX 3060. Prosesa hiyo imeandikwa wati 65, na ikibanwa sana inafika 76 hivi. Kadi ya picha ni wati 170, lakini ina feni zake, na boksi langu la 420,000 halikuwa na kifaa cha kuigusa. Kwa hiyo maji yangu yote, pampu yote, taa zote, zilikuwa za kupoza wati 76. Hiyo ni sawa na balbu moja ya zamani, ile ya kioo. Halafu prosesa yenyewe, ukiinunua kwenye boksi lake, inakuja na kipoza chake cha feni ndani, bure.

Tatu, chumba. Mtu aliyekaa ametulia anatoa joto la wati 100 hivi. Kompyuta yetu ikicheza gemu zito, ukijumlisha vyote, ingetoa kama wati 350. Yaani ni kama umeongeza watu watatu na nusu ndani ya stoo, na hao hawatoki kwenda kununua soda. Ongeza wateja wanne na dirisha lililofungwa kwa sababu ya vumbi na wezi. Iwe unapoza kwa feni au kwa maji, wati 350 zote zinaishia kwenye hewa hiyo hiyo. Maji hayamalizi joto, yanalihamisha tu, kutoka ndani ya kasha hadi kwenye shingo ya mteja.

Niliomba kompyuta ya jirani yangu wa geto, inayofanana kidogo na tuliyoipanga, nikaipima kwa siku mbili. Dirisha limefungwa, chumba nyuzi 34, prosesa ikafika 83. Dirisha wazi na feni ya mezani ikisukuma hewa nje, chumba 31, prosesa 79. Ukomo wa prosesa yetu ni 90. Kila nyuzi moja ninayoishusha chumbani, prosesa nayo inashuka karibu nyuzi moja, na wateja wanapumua pia. Feni ya mezani ilikuwa imeshanunuliwa zamani.

Nilipowapelekea wenzangu hesabu hizi, mmoja alikuja na wazo ambalo naliheshimu kwa ubunifu wake: "Basi tuweke ndoo ya barafu. Barafu ya Feri ipo, wavuvi wanaitumia kila siku. Mpira upite kwenye ndoo." Kweli, hapo maji yangeshuka chini ya joto la chumba. Lakini toa soda kwenye friji mchana wa Februari uiweke mezani. Inatoka jasho, sivyo? Hewa ya pwani imebeba unyevu mwingi. Kukiwa na nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 26 hivi kinaanza kutoka matone. Hayo matone yangetokea juu ya prosesa na kutiririkia kwenye madabodi. Mfumo wa maji wa kawaida hauna tatizo hilo kwa sababu hauwezi kuwa baridi kuliko chumba. Ukiuwekea barafu, ndipo unaliita. Jamaa akacheka, akasema basi barafu tunywee juisi.

Nne, utunzaji. Kuna mfumo uliofungwa kiwandani, unaununua mzima na hauufungui, na kuna wa kuunga mwenyewe kipande kwa kipande. Mimi nilinunua vipande. Fundi alinionyesha kwamba rejeta yangu ni ya alumini na kipande cha kukaa juu ya prosesa ni cha shaba. Metali hizo mbili zikikutana kwenye maji yasiyo na dawa ya kuzuia kutu, alumini inaliwa taratibu. Kwenye mfumo wa kiwandani wanaziweka pamoja, lakini kiowevu chao kimetiwa dawa hiyo na kimefungwa. Anayeunga mwenyewe anashauriwa ashike metali za ukoo mmoja, shaba kwa shaba. Na asitumie maji ya bomba, wala ya kisima, ambayo sehemu nyingi za mji huu yana chumvi kabisa. Ni maji yaliyotoneshwa, yenye dawa ya kutu na ya ukungu. Ukiulizia madukani ukapewa "maji ya betri", soma chupa mara mbili, maana kuna ya kuongezea na kuna asidi.

Halafu kuna kufa kwa pampu. Feni ikifa unaisikia inapiga kelele, unashuka Kariakoo, unarudi na nyingine jioni hiyo hiyo. Pampu ikifa mzunguko unasimama, mashine inajizima kujiokoa, na ya kufanana nayo huenda ikabidi uiagize nje na kusubiri. Wakati huo biashara imefungwa. Kampuni kadhaa zinatoa dhamana ya miaka 5 au 6 kwa mifumo yao, lakini dhamana ya kitu ulichonunua mkono wa pili bila risiti ni maneno tu.

Tano, umeme. Umeme ukikatika ghafla katikati ya kuhariri harusi ya watu, maji hayakusaidii. UPS inakusaidia. Ila UPS ndogo ya VA 650 kwa kawaida inabeba wati 360 hivi, na mashine yetu ilishakaribia hapo kabla hujaweka skrini. Tulihitaji kubwa zaidi, na pesa ya kubwa zaidi ilikuwa imelala chini ya kitanda changu ikiwa na umbo la pampu.

Sasa nisikilize upande wa pili, kwa sababu una hoja. Rafiki yangu wa mambo ya biashara anasema: "Wewe unauza joto, mimi nauza muonekano. Kijana wa Kariakoo ana vibanda vitano vya kuchagua. Akiona maji yanawaka rangi, anaingia kwetu." Hilo siwezi kulipuuza. Duka lenye taa linavuta. Lakini taa ni taa. Feni za taa zipo, na kasha lenye kioo pembeni lipo. Kama tunanunua pambo, tuliandike kwenye bajeti kama pambo, lishindane na bango na viti. Tusiliite upozaji halafu likala pesa ya UPS.

Na wapo wanaohitaji maji kweli. Mwenye Core i9-14900K, ambayo Intel wenyewe wanaiandika hadi wati 253, kipoza cha kawaida kitamhangaisha. Mwenye RTX 4090 ya wati 450 akiongezea na prosesa kama hiyo ana wati 700 za kuondoa ndani ya kasha moja, na hapo rejeta kubwa ya feni tatu, au mbili za namna hiyo, ina maana. Anayerekodi sauti na hataki kelele za feni naye ana sababu. Wote hao, hapa Dar, nawategemea wawe na kiyoyozi au angalau dirisha linalopitisha upepo wa baharini, na akiba ya pampu ya pili. Akiwa na hivyo, aendelee. Ahakikishe pampu haikai juu kuliko vyote kwenye mzunguko, maana hewa hupanda na kujikusanya huko. Kabla ya kuwasha kompyuta yenyewe, aendeshe pampu peke yake kwa saa 24, karatasi nyeupe zikiwa zimetandazwa chini ya kila kiungo. Karatasi ikilowa, amshukuru Mungu ameiona mapema.

Kwa hiyo mpangilio wangu, baada ya kuchomeka, ni huu. Pima joto la chumba saa nane mchana. Jumlisha wati za prosesa na kadi. Tafuta hewa ya moto itatokea wapi. Nunua UPS. Nunua wavu wa dirisha na brashi ya vumbi. Halafu, kama prosesa bado inagonga ukomo wake, ndipo ufikirie maji. Mimi nilianza na namba ya mwisho.

Juzi nilipita mbele ya jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lile lililoungua Julai 2021. Lilichorwa na msanifu wetu Beda Amuli, likajengwa miaka ya 1970. Ukiliangalia juu unaona paa la miavuli ya zege iliyopinduliwa. Miavuli ile inaacha hewa ya moto itoke juu ya vichwa vya watu, na mvua ikinyesha inakinga maji. Maelfu ya wauzaji na wanunuzi, mji wa joto, na mtu alikaa na karatasi akauliza hewa itapita wapi kabla zege halijamwagwa. Nilikuwa nimepita pale mara mia nikitafuta pampu.

Mwisho wa mambo ulikuwa hivi. Wiki mbili baada ya mimi kununua boksi, mwenzetu wa tatu, mkimya kuliko sisi, alikuja na sauti ya chini. Alibakiza ada, na bila kuimaliza asingeruhusiwa kuingia kwenye mtihani. Aliomba arudishiwe 400,000 katika ile 800,000 yake. Pesa iliyobaki tulishaitoa kama malipo ya awali ya vifaa. Ile ambayo tungeweza kumpa ilikuwa ndani ya boksi. Nilirudi dukani nilikonunua, wakaniambia kwa upole kwamba mzigo ukishatoka haurudi. Nikamkopa dada yangu, nikampa jamaa, akafanya mtihani. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Kompyuta ipo, inafanya kazi, imepozwa na kipoza kilichokuja na prosesa na feni mbili za kasha. Dirisha lina wavu. Deni la dada nalilipa kila bumu likiingia, limebaki 150,000. Mwakani nikirudi darasani kufundisha mada ile, nitaandika 4,200 ubaoni kama kawaida, kisha nitaweka chaki chini na kuwauliza watoto: joto likishaingia kwenye maji, linakwenda wapi?

Boksi bado lipo, halijafunguliwa mipira. Anayelihitaji, na ameshapima chumba chake saa nane mchana, anitafute kitivoni. Bei tutaelewana.